Robert Koch, Daktari wa Watu Aliyefundishwa na Ng'ombe

Kila anayesoma sayansi hapa chuoni amekutana na jina la Robert Koch kwenye madesa ya mwaka wa kwanza. Tunamkuta kwenye ukurasa mmoja, kanuni nne za kuthibitisha kwamba kijidudu fulani ndicho kinacholeta ugonjwa fulani. Tunazikariri usiku kwenye vimbweta, tunaziandika kwenye mtihani, basi, tumemalizana naye. Mimi nilifanya hivyo hivyo na alama nilipata nzuri. Miezi miwili baadaye nilikuwa nyumbani, upande wa Bahi, nimesimama mbele ya maksai aliyekufa usiku, watu wananitazama mimi msomi niseme kitu. Nilisema. Yaliyofuata nitayaeleza mwishoni, maana ndiyo yaliyonirudisha maktaba kumtafuta huyu mzee upya, safari hii si kwa ajili ya mtihani.

Nilichokikuta kilinishangaza. Nilidhani ni mtu wa maabara ya Ulaya asiyetuhusu. Kumbe sehemu kubwa ya umri wake aliitumia kwenye magonjwa ya wanyama wanaocheua, na zaidi ya mara moja alikuja kuyatafuta hapa hapa kwetu Tanganyika. Na kumbe alikosea pia, tena makosa makubwa, jambo ambalo madesa yetu hayasemi.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Ulikuwa mji wa machimbo na baba yake alikuwa ofisa wa migodi. Walizaliwa watoto 13 katika nyumba hiyo. Inasimuliwa kwamba alipofikia miaka mitano hivi aliwashangaza wazazi wake kwa kuwa tayari alikuwa anasoma, amejifundisha mwenyewe kwa kutumia magazeti. Alisoma udaktari Chuo Kikuu cha Göttingen akamaliza mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake pale, Jakob Henle, alikuwa ameandika tangu 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana. Wakati huo wengi walikuwa bado wanalaumu hewa chafu na mivuke ya ardhini. Henle hakuwa na namna ya kulithibitisha wazo lake. Lilibaki kama mbegu mkononi mwa mwanafunzi.

Mwaka 1867 Koch alimwoa Emmy Fraatz, wakapata binti mmoja, Gertrud. Alihamahama kutafuta kazi, akatumika kama daktari katika vita vya Wajerumani na Wafaransa vya 1870, halafu mwaka 1872 akapewa kazi ya mganga wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo upo Poland na unaitwa Wolsztyn. Sisi tunajua maana ya mganga wa wilaya. Asubuhi anazalisha, mchana anafunga mtu aliyevunjika, jioni anachanja watoto ndui. Mshahara wa kawaida, chuo kikuu mbali, mwenzake wa kujadiliana naye hakuna. Emmy alimnunulia hadubini kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Akagawa chumba chake cha kutibia kwa pazia: upande mmoja wagonjwa, upande wa pili hadubini na vibanda vya panya.

Eneo lile lilikuwa la wafugaji, na kila mwaka kimeta kilikuwa kinaua ng'ombe na kondoo, na watu pia. Wakulima walijua jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kulieleza. Kulikuwa na malisho yenye nuksi. Mifugo ikilishwa pale inakufa. Wakiyaacha miaka kadhaa na kurudi, inakufa tena. Mwaka unaweza kupita bila mnyama mgonjwa hata mmoja, halafu ugonjwa unazuka kutoka ardhini kama vile ulikuwa umelala.

Wataalamu waliomtangulia walikuwa wameshaona vijiti vidogo ndani ya damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta. Lakini je, vijiti ndivyo vinavyoua, au vinatokea baada ya mnyama kufa kama funza wanavyotokea kwenye mzoga? Koch alianza na swali hilo. Hakuwa na sindano nzuri, kwa hiyo alichonga vijipande vya mti, akavisafisha kwa moto, akavichovya kwenye damu ya kondoo aliyekufa na kuvipenyeza kwenye mkia wa panya. Kesho yake panya amekufa, damu imejaa vijiti. Akachukua kwa huyo akampa mwingine, kisha mwingine, mpaka akafika panya wa ishirini. Bado waliendelea kufa, na bado vijiti vilikuwa vile vile.

Hata hivyo mtu angeweza kumwambia kwamba pengine kinachoua ni sumu nyingine ndani ya damu, si vijiti. Kwa hiyo alihitaji kuviotesha nje ya mwili. Akaenda machinjioni, akaomba macho ya ng'ombe, akachukua lile tone la maji safi lililo ndani ya jicho na kuliweka chini ya hadubini pamoja na vijiti vichache. Akakaa hapo. Tunachosahau tunapokariri ni huko kukaa. Saa kwa saa, akikimbia kwenda kumwona mgonjwa na kurudi, aliona vijiti vikirefuka vikawa nyuzi ndefu, halafu ndani ya nyuzi zikatokea chembe zinazong'aa kama shanga. Nyuzi zikafa, shanga zikabaki. Akazikausha. Baada ya muda akaziweka tena kwenye tone jipya, zikaota vijiti, na vijiti vikaua panya.

Chembe hizo ndizo spora, na ndizo zilizokuwa zimelala kwenye yale malisho yenye nuksi. Jua haliziui kirahisi, ukame haziujali, na zinaweza kukaa ardhini miaka na miaka. Sasa mfikirie ng'ombe wa kwetu mwezi Oktoba. Ng'ombe hachagui kama mbuzi anayechuma jani kwa mdomo. Yeye huzungusha ulimi kwenye nyasi na kuvuta, na nyasi zikiwa fupi, kama zinavyokuwa huku Dodoma kabla ya mvua, anavuta na mizizi na udongo wake. Anameza haraka bila kutafuna vizuri, chakula kinakwenda tumbo kubwa la kwanza, baadaye anakirudisha mdomoni kukicheua. Kama amekula na miiba, mdomo na koo vina mikwaruzo. Spora iliyoingia na udongo inapata mlango. Ikishaingia damuni, mnyama aliyeonekana mzima jana, leo unamkuta amelala, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani na nyuma.

Ndiyo maana mnyama wa namna hiyo hapasuliwi. Ndani ya mzoga uliofungwa vijiti hufa na kuoza pamoja nao. Ukipasua, damu ikakutana na hewa, vijiti hutengeneza spora, na kisu chako kimepanda ugonjwa wa miaka mingi ijayo. Mambo haya yote yanatoka kwenye lile tone la jicho la ng'ombe.

Mwaka 1876 Koch alikwenda Breslau kwa Profesa Ferdinand Cohn, mtaalamu wa mimea aliyekuwa anaijua bakteria kuliko wengi, akaonyesha kazi yake yote hatua kwa hatua mbele ya wasomi. Mganga wa wilaya, umri miaka 32, hana cheo chuoni. Waliona kwa macho yao, na Cohn akaichapisha kwenye jarida lake mwaka huo huo.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Mwaka 1880 aliitwa Berlin akapewa maabara na wasaidizi. Humo ndimo ilipotengenezwa njia ya kuotesha bakteria juu ya kitu kigumu ili kila aina ikae peke yake. Wazo la kutumia agari, ile jeli inayotokana na mwani, lilitoka kwa Fanny Hesse, mke wa msaidizi mmoja, aliyekuwa akiitumia jikoni kwake. Kisahani tunachokitumia mpaka leo ni cha msaidizi mwingine, Petri. Tarehe 24 Machi 1882 Koch alisimama mbele ya wenzake Berlin na kuonyesha bakteria wa kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa unaua watu wengi sana Ulaya wakati huo. Mwaka 1883 akaenda Misri, halafu India, kufuata kipindupindu. Akarudi shujaa.

Halafu mwaka 1890 akateleza. Alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, akaiita tuberkulini, na viungo vyake akavifanya siri. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuponya, na wengine ilizidi kuwaumiza. Jina lake likachafuka. Cha ajabu ni kwamba tuberkulini haikutupwa. Ikaja kugundulika kwamba ukimdunga ng'ombe nayo kwenye ngozi, mwenye kifua kikuu anavimba na mzima havimbi. Dawa iliyoshindwa kwa watu ikawa kipimo cha ng'ombe, na inatumika mpaka leo.

Wakati huo huo, huku kwetu lilikuwa limetokea balaa ambalo wazee wa Ugogo walilisimulia kwa vizazi. Sotoka iliingia Afrika kupitia pembe ya kaskazini mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1890 na 1891 ilikuwa inapita nchi yetu. Sotoka ilishambulia hasa njia ya chakula. Mdomo ulijaa vidonda, mnyama akaacha kula na kucheua, akaharisha mpaka akakauka. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba sehemu nyingi ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Kwa Mgogo ng'ombe ni maziwa, ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa, na mbolea ya shamba la uwele. Vyote vikaondoka kwa mara moja. Njaa ikafuata, na wakoloni wa Kijerumani wakaingia kwenye nchi iliyokwisha kupigwa magoti.

Ugonjwa uliendelea kusini mpaka ukavuka Zambezi mwaka 1896. Serikali ya Koloni la Rasi ikamwita Koch, naye akafika Kimberley Desemba mwaka huo. Hakuona kijidudu chochote, na asingeweza kukiona, maana sotoka huletwa na kirusi na hadubini za wakati ule zisingekionyesha. Lakini kufikia Februari 1897 alikuwa na njia ya kukinga: nyongo. Unamchinja ng'ombe aliyekufa au anayekaribia kufa kwa sotoka, unachukua nyongo yake, unamdunga ng'ombe mzima chini ya ngozi. Wengi walikingika kwa miezi kadhaa. Wengine nyongo yenyewe iliwapa ugonjwa, na kinga haikudumu. Wenzake waliobaki nyuma wakaja na njia bora zaidi ya kutumia seramu pamoja na damu ya mgonjwa. Lakini nyongo iliwapa wafugaji kitu cha kufanya badala ya kuwapiga risasi ng'ombe wao wote.

Kutoka huko alipelekwa India kuangalia tauni, na kutoka India, katikati ya 1897, akaja Dar es Salaam. Alikaa mpaka 1898, akichunguza malaria, homa ya mkojo mweusi, ugonjwa wa mbung'o, na ng'ombe. Kwenye damu ya ng'ombe wa pwani aliona vimelea vidogo kama vijiti ndani ya chembe nyekundu. Alikuwa anaujua ugonjwa wa Marekani unaoitwa homa ya Texas, unaoletwa na kupe, kwa hiyo akahitimisha kwamba vile vidogo ni watoto wa vimelea vya homa ya Texas. Hapo alikosea. Alikuwa anatazama ndigana kali bila kuijua. Ng'ombe mmoja alikuwa na magonjwa mawili kwa pamoja, yeye akayahesabu kuwa moja.

Kosa hilo lilikuja kudaiwa. Kati ya 1901 na 1902, baada ya sotoka kumaliza mifugo ya kusini, ng'ombe wa kutoka pwani ya Afrika Mashariki waliingizwa kupitia bandari ya Beira, na ndigana kali ikaingia nao Rhodesia. Ng'ombe wa kule walikuwa hawajawahi kuiona, wakafa kama nzi. Mwaka 1903 Koch akaitwa Bulawayo. Safari hii alitazama upya na kukubali kwamba ni ugonjwa wa peke yake, ule ule aliouona Dar es Salaam, akauita homa ya pwani ya Afrika. Ndiyo maana mpaka leo jina lake la kigeni linabeba pwani yetu. Lakini akatangaza tena kinga, ya kudunga damu ya ng'ombe waliopona mara nyingi mfululizo. Ilishindwa. Waliofanikiwa ni akina Charles Lounsbury na Arnold Theiler, walioonyesha kwamba mwenezaji ni kupe wa masikioni. Kutoka hapo yakaja majosho, na kimelea chenyewe kikaja kupewa jina la Theiler.

Mwaka 1901, London, alikuwa amefanya kosa ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Alikuwa amewapa ndama makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, kwa kuwalisha na kuwadunga, na hawakuugua. Akahitimisha kwamba kifua kikuu cha watu na cha ng'ombe ni tofauti. Hapo alikuwa sahihi. Lakini akaongeza hatua ambayo jaribio lake halikuifika. Alisema kwamba cha ng'ombe kumwambukiza mtu ni nadra kiasi kwamba hakuna haja ya kuchukua hatua juu ya maziwa. Waingereza hawakuridhika, wakaunda tume, na kazi yake iliyoisha 1911 ilionyesha kinyume. Watoto walikuwa wanaupata ugonjwa kwenye maziwa mabichi, wanavimba tezi za shingo, wanaugua tumbo na mifupa. Koch aliambiwa na wenzake akang'ang'ania, na mwaka 1908 huko Washington bado alikuwa na msimamo ule ule. Haiwezekani kujua ni watoto wangapi walikunywa maziwa mabichi kwa kuwa mkubwa amesema hayana neno.

Mwaka 1905 alirudi Tanganyika. Safari hii alifuata homa iliyokuwa inawaangusha wapagazi na wasafiri kwenye njia za misafara. Alikuta papasi wamejaa kwenye vibanda vya kulala wageni, akaonyesha kwamba homa ile inapitia kwao, na kwamba papasi jike huirithisha mpaka kwenye mayai. Nchini Kongo, Dutton na Todd waliligundua jambo hilo wakati huo huo, na Dutton alikufa kwa homa hiyo hiyo. Aliyekulia kwenye tembe anaijua homa ya papasi, hahitaji kuelezwa. Mwaka huo huo wa 1905 ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kituo cha mifugo cha Mpwapwa, ambako baadaye walitoka ng'ombe wenye jina la Mpwapwa. Ndio mwaka Maji Maji ilipolipuka kusini, na mwaka ambao Koch, mwezi Desemba, alipokea Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kifua kikuu.

Siwezi kumwandika bila kutaja visiwa vya Sese, Uganda, 1906 na 1907. Alikwenda kutafuta dawa ya malale, akakusanya wagonjwa kwa mamia kambini na kuwadunga dawa yenye arseniki iitwayo atoksili. Vimelea vilipotea kwenye damu kwa muda, akaongeza dozi, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka kabisa. Wagonjwa wale walikuwa Waafrika chini ya ukoloni, wasio na mtu wa kuwauliza kama wamekubali. Tusilipite hilo kimya kwa sababu tu mhusika ana tuzo.

Alikufa tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, moyo ukiwa umechoka, umri miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, ndani ya taasisi yenye jina lake. Mwaka huo reli ya kati ilikuwa inafika Dodoma. Sotoka iliendelea miongo mingi, mpaka chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright kule Muguga, Kenya, ikasaidia kuimaliza, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imetoweka duniani.

Sasa nirudi kwa yule maksai.

Alikufa usiku mmoja mwezi wa saba, tumbo limejaa, povu lenye damu puani. Nilikuwa nimetoka kufanya mtihani, kichwa kimejaa. Nikatangaza mbele ya baba mkubwa na majirani kwamba ni kimeta, asiguswe, achomwe. Kwa kuwa ni msomi walinisikiliza. Tukamchoma kwa kuni na mafuta ya taa, maksai wa kulimia. Siku tatu baadaye ikajulikana kwamba usiku ule alivunja ua wa jirani akamaliza mtama uliokuwa umeanikwa. Bwana mifugo akatueleza vizuri. Nafaka nyingi kwa mara moja huchacha haraka ndani ya tumbo kubwa, hutoa asidi, vijidudu vya kawaida vinavyomeng'enya nyasi hufa, tumbo linaacha kufanya kazi, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku moja. Alikufa kwa kula. Kijiji kizima kikaniita Daktari Kimeta. Baba mkubwa hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, mtamba alikutwa amekufa malishoni. Nilikwenda nikaona. Damu nyeusi puani na nyuma, haigandi. Moyo uliniambia. Nikaogopa kuitwa lile jina tena, nikanyamaza. Wakamchuna pale pale, nyama ikagawanywa. Wiki haikuisha, binamu yangu aliyechuna, mchungaji, na shangazi aliyeosha utumbo, wote watatu walikuwa na vidonda mikononi, haviumi, katikati vyeusi kama mkaa. Zahanati wakawapeleka wilayani. Sampuli zikapimwa. Kimeta.

Walipona, Mungu ni mwema, dawa za kuua bakteria ziliwahi. Lakini ndipo nilipomrudia Koch, maana niliona nimefanya makosa yake mawili kwa zamu. Mara ya kwanza nilisema zaidi ya nilichokiona, kama yeye London. Mara ya pili nililinda jina langu, kama alivyolinda lake miaka saba juu ya maziwa. Mara zote mbili kulikuwa na maneno rahisi ambayo yangetosha: sijui amekufa na nini, kwa hiyo tusimpasue mpaka bwana mifugo achukue damu ya sikioni na kuipima. Mtu akisema hivyo hata akionekana amekosea, hasara ni nyama. Na uchomaji wa maksai haukuwa kosa. Kosa lilikuwa kujifanya nina uhakika, kwa sababu ndilo lililonifunga mdomo mwaka uliofuata.

Wengi wetu hapa tunatoka kwenye mifugo, au tutapangiwa kazi kwenye mifugo. Tukienda likizo tunasikilizwa kuliko tunavyostahili. Basi tuwe na machache ya kusema ambayo yana uhakika. Kimeta kina chanjo, ng'ombe wachanjwe kila mwaka kabla ya kiangazi kukaza. Kibudu kisipasuliwe wala kuliwa. Waogeshwe, kupe ni wale wale wa Bulawayo. Maziwa yachemshwe, hata ya mgando yaanze kwa kuchemshwa. Nafaka ifungiwe. Na ukiulizwa usichokijua, sema hukijui, halafu mtafute anayeweza kupima.

Pale alipochunwa yule mtamba baba mkubwa amepazungushia miiba. Nyasi zake ni nzuri, ndefu kuliko za pembeni, kwa sababu hakuna mnyama anayeruhusiwa kuzila. Watoto wameshaambiwa, na watakuja kuwaambia wa kwao. Kila nikienda nyumbani, baba mkubwa hunituma kwanza nikaangalie kama ile miiba bado imesimama.